Siku 28 bila umeme: Unguja ilituonyesha nini?

Usiku wa tarehe 21 Mei 2008 umeme ulikatika kisiwa kizima cha Unguja. Kukatika kwa umeme si habari katika nchi zetu. Unawasha mshumaa, unalalamika kidogo, unasubiri ile kelele ya furaha inayopigwa na mtaa mzima taa zikirudi. Safari hii kelele haikusikika usiku ule, wala kesho yake, wala wiki iliyofuata. Umeme ulirudi tarehe 18 Juni. Hesabu mwenyewe: siku 28.

Leo nataka tuirudie historia hii kwa sababu moja ya kisayansi. Hakuna mtafiti anayeweza kuruhusiwa kuzimia umeme watu zaidi ya laki sita kwa mwezi mzima ili aangalie kitakachotokea. Unguja ilitokea bila mtu kupanga, na wapo watafiti waliokuja kuhesabu baadaye. Walichokuta kinajibu swali ambalo wengi wetu tunadhani jibu lake tunalijua: nani hasa anategemea umeme?

Jibu la haraka ni "aliyeunganishiwa". Mwenye mita, mwenye taa, mwenye friji. Unguja inasema hapana, orodha ni ndefu zaidi.

Kisiwa kwenye waya mmoja

Zanzibar haikuwa ngeni kwa umeme. Jumba la Maajabu lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883 hutajwa kuwa jengo la kwanza Afrika Mashariki kuwa na taa za umeme. Hata shirika la umeme la Kenya linapoeleza historia yake huanzia Unguja: linasema jenereta ya Sultani ndiyo iliyonunuliwa mwaka 1908 na mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, na kutoka hapo ikaanzishwa kampuni ya umeme ya Mombasa.

Kwa miongo mingi umeme wa Unguja ulikuwa wa majenereta ya dizeli, na dizeli ni ghali. Mwaka 1980, kwa msaada wa Norway, ikalazwa kebo chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, kaskazini mwa Dar es Salaam, hadi Fumba upande wa Unguja. Urefu wake ulikuwa chini kidogo ya kilomita 40, na uwezo wake takriban megawati 45. Kuanzia hapo kisiwa kikawa kinakunywa umeme wa gridi ya Tanzania Bara, ambao sehemu kubwa ulitoka kwenye mabwawa na ulikuwa na bei nafuu kuliko dizeli. Ulikuwa uamuzi wa maana kabisa kiuchumi. Basi majenereta ya zamani yakazeeka taratibu, na hakukuwa na sababu ya kila siku ya kuyakumbuka.

Wahandisi wa umeme wana kanuni wanayoiita N-1. Maana yake ni nyepesi: chukua mfumo wako, toa kifaa kimoja chochote, kisha uliza kama mfumo bado unafanya kazi. Ukitoa transfoma moja, taa zinabaki? Ukikata njia moja ya umeme, ipo nyingine? Kwa Unguja ya 2008 jibu lilikuwa hapana. Hitilafu ikatokea kwenye njia hiyo moja, na kisiwa kikazimika chote.

Na kebo ya baharini si nguzo ya mtaani. Nguzo ikianguka, fundi anaiona, analeta gari, anapanda. Kebo ya baharini imefungwa ndani ya tabaka nyingi za kuhami umeme, na maungio yake, hasa pale inapotoka baharini kuingia nchi kavu, yanahitaji mafundi maalumu na vipuri ambavyo havipatikani dukani Darajani. Kwanza unatafuta palipoharibika, ndipo unaanza kutengeneza. Siku zinakwenda.

Giza halikuwa tatizo kubwa

Ukimuuliza mtu atakosa nini umeme ukikatika, wengi watasema taa. Lakini taa ndicho kitu rahisi zaidi kupatia mbadala. Mwaka 2008 nyumba nyingi za Unguja bado zilikuwa na kibatari, kandili au chemli mahali fulani, hata kama ilikuwa na vumbi. Mafuta ya taa yalikuwapo madukani. Mwanga ulipungua, ukawa na moshi na ukawa na gharama, ila haukuisha.

Kilichobana ni maji.

Hapa inabidi tuingie kidogo kwenye jiolojia. Sehemu kubwa ya Unguja ni mwamba wa matumbawe na chokaa. Mvua ikinyesha, maji mengi hupenya chini badala ya kutiririka juu, kwa hiyo kisiwa hakina mito mikubwa ya kudumu. Maji yapo, tena mengi, ila yapo ardhini. Ili yafike kwenye mfereji wa nyumbani yanahitaji kuvutwa, na pampu inayovuta ni ya umeme. Pampu ikisimama, bomba linakauka, hata kama nyumba yako haijawahi kuwa na balbu hata moja.

Hapo ndipo kazi iliyokuwa ikifanywa na mota ilirudi kwenye mabega ya watu. Tuhesabu pamoja. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Nyumba ya watu sita ikijibana kwa lita 20 kila mtu kwa siku, hiyo ni lita 120, yaani kilo 120. Ni madumu sita ya lita 20, yabebwe kutoka kisimani hadi nyumbani, kila siku, kwa siku 28. Sasa jiulize ni nani katika nyumba zetu huambiwa akachote maji. Ni wanawake na watoto. Mgawo wa umeme unapogeuka kuwa mgawo wa maji, mzigo wake hauangukii watu wote sawasawa.

Mwanaanthropolojia wa Norway, Tanja Winther, aliishi na kufanya utafiti katika kijiji cha Uroa, pwani ya mashariki ya Unguja, akafuatilia umeme ulivyobadilisha maisha pale tangu ulipofika takriban mwaka 1990. Kitabu chake kilitoka mwaka 2008, mwaka uleule wa giza. Moja ya mambo anayoyaeleza ni kwamba faida kubwa ya umeme kwa wanawake ilipitia kwenye maji ya bomba: saa zilizokuwa zikiishia kisimani zikawa zao. Ukisoma hilo, siku 28 za mwaka 2008 unaziona kwa jicho jingine. Zile saa zilichukuliwa tena.

Anaeleza pia kwamba watu wa Uroa hawakukimbilia kupikia umeme. Taa, redio, televisheni, sawa. Chungu kilibaki kwenye kuni. Tutalirudia hili baadaye, maana lina uzito kwa leo.

Aliyesimama na kazi yake

Baada ya maji, kikafuata kipato. Mtafiti wa uchumi Alfredo Burlando alichambua takwimu za Zanzibar za kipindi hicho na kuona jambo la wazi: watu ambao kazi zao zinatumia umeme walipoteza saa nyingi za kazi, na kwa hiyo kipato, huku wale ambao kazi zao hazihitaji umeme wakiguswa kidogo sana. Mkulima aliendelea na shamba lake. Fundi wa kuchomelea vyuma hakuwa na la kufanya, na kinyozi wa mashine alikuwa vivyo hivyo, labda arudi kwenye mkasi na wembe. Anayeuza barafu na juisi baridi biashara yake ilisimama palepale. Fundi cherehani wa kukanyaga kwa mguu, yeye aliendelea. Angalia hapo: mafundi wawili, kazi moja, mtaa mmoja, tofauti yao ni mota ndogo tu, na aliyekuwa na kifaa cha kisasa ndiye aliyekwama.

Wenye mtaji walinunua jenereta. Hoteli kubwa ziliendelea kuwaka. Lakini jenereta ni kama kununua umeme kwa kikombe badala ya ndoo: kila uniti inakutoka kwa bei ya dizeli au petroli, na mashine yenyewe inataka oili na fundi. Duka dogo haliwezi kulibeba hilo mwezi mzima. Kwa hiyo katizo lilelile lilikuwa usumbufu wa gharama kwa mmoja, na kufunga mlango kwa mwingine.

Hadithi ya New York na watoto wa Unguja

Sasa tuje kwenye sehemu ambayo kila mtu hutabasamu. Mnasemaga umeme ukikatika, baada ya miezi tisa wodi za wazazi zinajaa. Je, ni kweli?

Hadithi hii ina chanzo maarufu. Tarehe 9 Novemba 1965, jioni, kifaa kimoja cha ulinzi katika kituo cha umeme cha Sir Adam Beck huko Ontario, Kanada, kilikuwa kimewekwa kiwango cha chini mno. Mzigo ulipopanda kidogo, kikakata njia ya umeme iliyokuwa nzima kabisa. Umeme uliokuwa ukipita pale ukakimbilia njia nyingine, nazo zikazidiwa, zikajikata moja baada ya moja. Ndani ya dakika chache watu takriban milioni 30 wa Kanada na kaskazini mashariki mwa Marekani wakawa gizani, baadhi yao kwa muda wa saa 13. Agosti 1966 gazeti la New York Times likaripoti kwamba hospitali kadhaa zimeona watoto wengi wakizaliwa kuliko kawaida. Habari ikasambaa dunia nzima na bado inasambaa.

Mwaka 1970 mtafiti J. Richard Udry alifanya jambo ambalo gazeti halikufanya. Alichukua takwimu za vizazi vya jiji zima, akazilinganisha na tarehe zilezile za miaka mitano iliyotangulia. Hakukuta ongezeko lolote. Vizazi hupanda na kushuka siku hadi siku. Ukitazama hospitali chache kwa siku chache, utakuta chochote unachokitafuta. Makala yake, katika jarida la Demography, ikawa mfano wa kufundishia wanafunzi jinsi hadithi tamu inavyoweza kuanguka mbele ya hesabu.

Basi kesi imefungwa? Hapana, kwa sababu New York ilikuwa usiku mmoja na Unguja ilikuwa wiki nne. Mwaka 2014, katika jarida hilohilo la Demography, Burlando alichapisha matokeo ya vizazi vya Zanzibar. Safari hii ongezeko lilikuwepo: miezi 8 hadi 10 baada ya katizo, idadi ya watoto waliozaliwa ilipanda kwa kiasi kinachoonekana wazi kitakwimu.

Lakini kitu cha kushangaza kiko ndani zaidi. Burlando alivigawa vijiji kwa kiwango cha kuunganishwa na umeme. Vijiji ambavyo havikuwa na umeme kabisa havikuonyesha mabadiliko yoyote. Hilo tunalitarajia: kama hukuwa na umeme, kuzimika hakukubadilishii jioni yako. Vijiji vyenye umeme vilionyesha ongezeko, nalo pia tunalitarajia. Ila ongezeko lilikuwa karibu sawa katika vijiji vyote vyenye umeme, hata vile ambavyo nyumba chache tu ndizo zilizounganishwa.

Fikiria hilo kidogo. Kijiji chenye nyumba chache zenye waya kilibadilika sawa na kijiji chenye nyumba nyingi. Maana yake hata watu wasio na umeme majumbani walibadilisha jioni zao. Ukilijua baraza la kijijini, hutashangaa. Televisheni moja inatazamwa na nusu ya mtaa. Taa ya duka moja ndiyo inayofanya watu wakae nje hadi usiku. Zima duka na televisheni hiyo, na watu kadhaa ambao hawana mita wala bili wanaingia ndani mapema.

Hapo ndipo jibu la swali letu la mwanzo lilipo. Ukihesabu nyumba zilizounganishwa umehesabu wateja wa shirika la umeme. Wanaotegemea umeme ni wengi zaidi: anayechota maji ya pampu, anayetazama mpira kwa jirani, anayesagiwa nafaka kwa mashine ya umeme, anayepelekwa kituo cha afya ambacho chanjo zake zimo kwenye friji. Hawamo kwenye orodha ya wateja, kwa hiyo hata hasara yao haimo kwenye hesabu za hasara.

Matokeo yasiyochekesha

Burlando alitazama pia kumbukumbu za wodi ya wazazi, akakuta jambo zito. Watoto waliokuwa tumboni wakati wa katizo walizaliwa na uzito mdogo kuliko ilivyotarajiwa, na uwezekano wa mtoto kuzaliwa na uzito pungufu uliongezeka. Alipima maelezo mbalimbali. Kubadilika kwa aina ya wazazi waliopata mimba hakukutosha kueleza.

Hapo sayansi inabaki na unyenyekevu wake. Kwangu mimi inatosha kusema hivi: mwezi mmoja wa kipato kukatika na hofu ya kesho uliacha alama kwenye mizani ya watoto ambao hawakuwa wamezaliwa. Uzito wa kuzaliwa si namba ya mapambo. Watoto wenye uzito pungufu wako kwenye hatari kubwa zaidi kiafya wanapoanza maisha. Kwa hiyo tunapoambiwa "katizo limekwisha, umeme umerudi", kuna sehemu ya katizo ambayo bado ipo, inakua, na inakwenda shule.

Mara ya pili

Tarehe 10 Desemba 2009 Unguja ikazimika tena, na safari hii hadi tarehe 9 Machi 2010. Miezi mitatu, katikati ya msimu wa watalii.

Baada ya hapo mambo yalibadilika. Majenereta ya dizeli ya akiba yakafungwa Mtoni. Mwaka 2013 ikazinduliwa kebo mpya ya baharini yenye uwezo wa megawati 100, iliyogharamiwa na Marekani kupitia shirika la MCC. Pemba, ambayo ilikuwa ikijitegemea kwa dizeli, iliunganishwa na Tanga kwa kebo yake mwaka 2010. Ukirudi kwenye kanuni yetu ya N-1, kisiwa kilipata njia ya pili.

Lakini na utegemezi haukukaa pale ulipokuwa. Zingatia tarehe hii: M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, wakati uleule wa katizo la kwanza. Mtu wa Unguja wa Mei 2008 pesa yake ilikuwa mfukoni au chini ya godoro, na giza halikuigusa. Mtu wa leo pesa yake iko kwenye simu. Simu inataka chaji, mnara wa mtandao unataka umeme, na betri za mnara zina mwisho wake. Simu ikizima umepoteza tochi, pochi, habari na njia ya kununulia huo umeme wenyewe, yote kwa pamoja. Vitu ambavyo mwaka 2008 vingekufa kimoja kimoja tumevifunga kwenye fundo moja.

Na jikoni je? Mwaka 2008 jiko la Unguja halikuzimika, kwa sababu lilikuwa la kuni na mkaa. Leo Tanzania ina mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya watu ifikapo 2034, na majiko ya umeme ni sehemu yake. Mimi naunga mkono. Moshi wa jikoni unaua, na misitu inakwisha. Ila tuwe wakweli: kila chungu tunachohamishia kwenye umeme kinapandisha gharama ya kila saa ya katizo. Tukiwaomba akina mama waache mkaa, basi tuna deni la kuwapa umeme usiokatika hovyo, na huo hauji kwa kampeni. Unakuja kwa njia ya pili ya umeme, kwa vipuri vilivyowekwa stoo kabla ya hitilafu, na kwa pampu za maji zenye chanzo chao cha akiba, kwa mfano sola.

Kwa ngazi ya nyumbani, historia ya Unguja inatupa mpangilio ambao watu wengi huugeuza. Tunaanza na taa, halafu chaji ya simu, halafu friji, na maji tunayakumbuka bomba likishakauka. Anza na maji: tangi, mapipa, madumu yenye mifuniko, na ujue kisima cha mkono kilicho karibu kiko wapi na kama bado kinafanya kazi. Kisha weka pesa taslimu kidogo nyumbani, ya siku kadhaa. Kisha chakula: samaki aliyetiwa chumvi na ndimu akakaangwa atakufikisha mbali kuliko samaki aliye ndani ya friji iliyozima, na bibi zetu walijua pia kuanika. Taa iwe ya mwisho, kwa kuwa taa ndogo ya sola siku hizi inapatikana kirahisi.

Na kama mtaani kwenu pampu ya maji ina jenereta ya akiba, ulizeni lini mara ya mwisho iliwashwa kwa majaribio.